Pesa Inayoweza Kungoja: Mafunzo Niliyopata Kuhusu Hisa

Kongo haina soko la hisa. Mtu wa hapa Baraka anayetaka kumiliki kipande cha kampuni inabidi aangalie ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Dar es Salaam, au Nairobi, au mbali zaidi. Hata hivyo maswali hayaishi. Yanaulizwa sokoni na baada ya ibada, na usiku yanaingia kwenye simu kutoka kwa ndugu zetu waliohamishiwa Marekani wakitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Wanatoa ngapi kwa mwezi? Pesa ikipotea nitamshitaki nani? Vita ikirudi je?

Mimi ni sekretere wa kikundi cha akiba hapa mjini, na kwa miaka mingi biashara ya mabati na sabuni imenivusha ziwa hadi Kigoma. Huko ndiko nilikonunua hisa zangu za kwanza, kwa pasipoti ya Kongo, kupitia dalali wa Dar es Salaam. Ndiyo maana watu wananiuliza. Kumiliki hisa kumenifundisha kiasi, lakini maswali yao yamenifundisha zaidi, maana mtu aliyewahi kukimbia nyumba yake akiwa na mtoto mgongoni haulizii pesa kama anavyouliza mtu wa mji wenye amani.

1. Sanduku la AVEC lina siku ya kufunguliwa

Karibu kila mtaa wa Baraka una AVEC yake, yaani kikundi cha akiba na mikopo kama chetu. Kila juma wanachama wanakutana, kila mmoja ananunua hisa moja hadi tano, karani anapiga muhuri kwenye kitabu chake, na pesa inaingia katika sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake zinakaa kwa watu watatu. Utaratibu huu ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukasambaa hadi kwetu. Mwisho wa mzunguko sanduku linafunguliwa mbele ya wote, na kila mtu anaondoka na alichoweka pamoja na fungu lake la riba. Kwa hiyo mama wa AVEC akisikia habari za hisa za benki, swali lake la kwanza ni la akili kabisa: tunagawana lini?

Kampuni haina siku hiyo. Benki ya CRDB ya Tanzania ilipouza hisa kwa umma mwaka 2009, kila moja kwa shilingi 150, pesa ile iliingia kwenye kazi za benki na haimrudii aliyeitoa. Anayetaka kutoka anamtafuta mwingine anayetaka kuingia, na anauza kwa bei ambayo huyo mwingine amekubali siku hiyo. Soko la hisa ni mahali pa kuwakutanisha hao wawili. Lile la Dar es Salaam lilianza kazi hiyo mwaka 1998, la Nairobi mwaka 1954. Siku ambayo hakuna anayetaka kuingia, unabaki na hisa zako mkononi, na kampuni haina deni na wewe.

Nikishaeleza hivyo, wengine wananyanyuka na kwenda zao. Siwazuii. Wanaobaki huwa wanashangaa kusikia kwamba tayari wanazilisha kampuni za namna hiyo kila siku. Benki ya Equity BCDC ni mali ya kundi la Equity la Kenya, ambalo hisa zake zinauzwa Nairobi. Benki ya TMB ilinunuliwa na KCB, nayo ya Nairobi, mwishoni mwa mwaka 2022. Hisa za kampuni ya simu ya Airtel Africa zinauzwa London tangu 2019. Tunaweka pesa kwao, tunanunua yuniti zao, na faida inagawanywa kwa watu ambao wengi hawajawahi kuliona ziwa letu. Mtu wa hapa kwetu Fizi akiniuliza kama mambo haya yanamhusu, ninamwambia yanamhusu tangu zamani. Kilichokosekana ni yeye kukaa upande wa wanaopokea.

2. Dhahabu ya Namoya ilibaki, hisa zikafa

Vijana wa Misisi na Lulimba hawahitaji ramani ya Namoya. Iko Salamabila, upande wa Maniema, na wengi wao wana kaka au mjomba aliyewahi kuchimba huko. Kampuni iliyofungua mgodi mkubwa pale iliitwa Banro, ya Kanada, na hisa zake ziliuzwa Toronto na New York. Ndiyo hiyo iliyokuwa na mgodi wa Twangiza, hapa hapa Kivu Kusini. Twangiza ilianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2012, Namoya mwaka 2016.

Kijana mmoja aliyewahi kubeba mawe Misisi aliniambia jambo ambalo nimelisikia mara nyingi kwa maneno tofauti: mwenye hisa za dhahabu hawezi kupoteza, kwa sababu dhahabu ipo chini na bei yake inapanda. Nikamsimulia mwisho wa Banro. Kampuni ilikuwa imekopa pesa nyingi kujenga migodi ile miwili. Barabara za hatari, mashambulizi na gharama viliendelea kuila. Desemba 2017 ikaomba ulinzi wa mahakama ya Kanada dhidi ya wadai wake, na mwaka uliofuata wadai wakaichukua. Hisa za wenye hisa wa zamani zilifutwa. Mtu wa Toronto aliyenunua kwa akiba ya uzeeni akabaki bila kitu, na huku dhahabu ya Namoya imelala pale pale ilipokuwa.

Kampuni inapoanguka kuna foleni, na mwenye hisa anasimama mwisho kabisa. Wafanyakazi, kodi, benki na wadai wengine wote wanapita mbele yake, na mara nyingi chungu kinakuwa kimekauka kabla zamu yake haijafika. Tangu niielewe foleni hiyo, nikifungua ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote ninaanza na kurasa za madeni: inadaiwa kiasi gani, na nani, na inalipa kwa sarafu gani. Picha za viongozi na mitambo mipya ninazifikia baadaye, nikipata nafasi.

Kuna jambo lingine linaloniuma katika habari hii, na sitaki kulipita. Tulioishi jirani na mgodi ule hatukuwa na hata hisa moja. Wachimbaji wa mikono waliondolewa kwenye mashimo yao, wakahama, wakarudi, wakafukuzwa tena. Hasara ya bei iliwapata watu wa mbali. Hasara ya ardhi na ya usalama iliwapata watu wetu, na hiyo haikuandikwa kwenye ubao wowote wa bei. Hadi leo ni hivyo. Machi 2025 mapigano yalipokaribia Walikale, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi kwenye mgodi wake wa bati wa Bisie, na mara bei ya hisa zake ikaporomoka Toronto. Ubao ule ulionyesha woga wa wenye pesa. Woga wa watu wa Walikale haukuwa na ubao.

3. Pesa ya kukimbilia ikae pembeni kwanza

Washauri wa Dar es Salaam wanasema weka akiba ya dharura ya miezi mitatu au sita kabla ya kununua hisa. Ni ushauri mzuri, ila wanawaza mtu aliyepoteza kazi au aliyeugua. Sisi dharura yetu ina sura nyingine. Mwaka 1996 na tena 1998, wakikimbia vita, watu wa Fizi waliingia ziwani kwa mitumbwi wakiacha ng'ombe, mashine za kusaga, nyumba za matofali na nyavu. Waliorudi kwa meli kutoka Kigoma kuanzia 2005 walikuta mahame. Na mwaka 2025, Goma ilipochukuliwa na waasi mwishoni mwa Januari na Bukavu mwezi Februari, benki zilifunga milango. Watu wenye pesa halali kwenye akaunti walikopa unga kwa jirani.

Kwa hiyo mimi ninapanga pesa kwa swali moja tu: hii inaweza kungoja hadi lini? Kuna pesa ya leo, ya chakula. Kuna ya kukimbilia, nayo lazima iwe karibu: kidogo kwenye simu, kidogo noti za dola ambazo hazijachanika, kwa sababu kila mtu hapa anajua jinsi mbadilishaji anavyokataa noti yenye tundu. Kuna ya shule na ya mtaji wa mzigo unaofuata. Ikibaki nyingine baada ya hizo, ambayo mwenyewe hutaigusa kwa miaka mitano au zaidi hata mtoto akilazwa hospitalini, hiyo ndiyo inayoweza kwenda kwenye hisa. Kwa wengi wetu haibaki, na mtu asione aibu kwa hilo. Anayeuza mbuzi wa familia ili anunue hisa anachukua pesa isiyoweza kungoja na kuipeleka mahali ambapo kungoja ndiyo kazi yenyewe.

Kuuza hisa si kutoa pesa kwa wakala wa simu. Unatoa agizo kwa dalali, mnunuzi anapatikana au hapatikani, kisha siku kadhaa za kazi zinapita kabla pesa haijaingia benki. Dar es Salaam kuna hisa zinazouzwa kila siku, kama za benki za CRDB na NMB, na kuna kampuni ambazo siku nzima inapita bila hisa hata moja kubadilisha mikono. Anayekimbia risasi hana siku hizo.

Lakini upande wa pili nao ni wa kweli, na ndio ulionivuta mimi. Hisa iliyoandikwa kwa jina lako katika daftari kuu la Dar es Salaam haichomwi moto Baraka wala haiporwi barabarani Mboko. Unaweza kufika ng'ambo ukiwa na nguo uliyovaa tu, na daftari bado likakutambua. Wazazi wetu walioacha kila kitu mwaka 1996 hawakuwa na mali ya namna hiyo hata moja.

4. "Wanatoa ngapi kwa mwezi?"

Hili ndilo swali linalokuja mara nyingi kuliko yote, na ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Ninapojibu kwamba hakuna malipo ya mwezi, na kwamba gawio hutolewa mara moja au mbili kwa mwaka ikiwa kampuni imepata faida na mkutano mkuu umekubali, naona nyuso zinabadilika. Kwa faida ya mwaka 2023, CRDB iligawa shilingi 50 kwa kila hisa. Mwenye hisa 1,000 alihesabiwa shilingi 50,000; serikali ya Tanzania ikakata kodi ya asilimia 5, yaani 2,500; zikabaki 47,500. Hisa hizo 1,000 zenyewe wakati huo zilikuwa na thamani ya zaidi ya nusu milioni. Ni gawio zuri. Ila mama anayepokea riba ya AVEC hatalionea ajabu, maana kikundi chetu kinatoza wakopaji asilimia 10 kwa mwezi, na riba hiyo inawarudia wanachama wenyewe.

Basi kwa nini mtu asiache pesa yote AVEC? Niliulizwa hivyo na mweka hazina wetu, na ilinibidi nifikiri kwa muda. Sanduku letu haliwezi kumeza pesa nyingi: zikizidi, hakuna wakopaji wa kutosha wanaoweza kulipa. Na wanachama wote wanaishi pwani moja. Ndakala zikipotea ziwani, kipindupindu kikija, barabara ya Uvira ikifungwa, tunaumia siku moja, wote pamoja, na sanduku linaumia nasi. Hisa ya ng'ambo inapata maumivu yake kwa siku nyingine na kwa sababu nyingine. Mimi naziona kuwa mali mbili za kazi mbili, na AVEC inatangulia.

Hatari ya swali la kila mwezi ni kwamba wapo wanaolijibu kwa furaha. Wazee wetu wanakumbuka Bindo, kampuni ya Kinshasa iliyowaahidi watu wa Zaire kuzizidisha pesa zao kwa majuma machache, hadi ilipoanguka mwaka 1991 na kuondoka na akiba za watu wengi sana. Ndugu zetu waliokuwa Tanzania wanakumbuka DECI, ambako watu walikuwa "wanapanda" pesa ili "wavune" zaidi, na serikali ikaizuia mwaka 2009. Siku hizi utapeli huo unakuja kama programu ya simu yenye nembo nzuri na kundi la WhatsApp: weka dola 20, pokea dola moja kila siku, lete na marafiki. Aliyetangulia analipwa kwa pesa ya aliyefuata, na ndiyo maana anashuhudia kanisani kwa moyo mweupe kabisa.

Naomba hapa nieleweke vizuri. Kampuni halisi inayouza hisa sokoni haikuahidi kiasi wala siku. Ina hesabu zilizokaguliwa ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, na ina mamlaka inayoisimamia: Tanzania ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na Kenya nayo ina ya kwake. Ahadi ya kiasi fulani kila mwezi, isiyoteleza, ni alama ya kukimbia. Nimewaona majirani wakiuza parsela kwa ajili ya ahadi kama hizo, na nitaendelea kulisema hili hata wakichoka kunisikia.

5. Bei ikishuka, uliza kwanza pesa ni ya nani

Wakenya wanajua kisa cha Safaricom, kampuni yao ya simu. Mwaka 2008 serikali yao iliuza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na maombi yakazidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara nne. Watu walikopa benki ili waombe nyingi. Kwa sababu ya wingi wa maombi, mwananchi wa kawaida alipewa takribani moja ya tano ya alichoomba, na huku riba ya mkopo wote inatembea. Siku za kwanza sokoni, mwezi Juni, bei ilivuka 7. Mapema mwaka 2009 ilikuwa chini ya 3. Mkopaji hakuwa na nafasi ya kungoja, akauza kwa hasara. Yule aliyeweka pesa yake mwenyewe na kuendelea na shughuli zake aliiona bei hiyo hiyo ikipita 40 mwaka 2021, na katikati alikuwa anapokea gawio. Mwaka 2023 ikarudi tena chini ya 20.

Za CRDB zilipita njia kama hiyo. Kutoka shilingi 150 za mwaka 2009, mwaka 2015 benki iliwauzia wenye hisa wake hisa za ziada kwa 350. Kufikia 2019 bei ilikuwa imeshuka hata chini ya ile 150 ya mwanzo. Rafiki yangu wa Kigoma, muuza vifaa vya ujenzi, alikuwa na wasiwasi kila nilipomtembelea. Mkewe alikuwa amemwambia waziwazi kwamba pesa ya familia imepotea. Hakuuza, kwa sababu ilikuwa pesa inayoweza kungoja na benki yenyewe ilikuwa bado inapata faida. Mwisho wa 2024 hisa moja ilikuwa inauzwa kwa zaidi ya shilingi 600.

Sitaki mtu achukue kutoka hapa kwamba bei ikishuka lazima itapanda. Banro haikupanda. Kilichowatenganisha wawili wale wa Safaricom ni kwamba mmoja alikuwa na mdai mlangoni na mwingine hakuwa naye. Na kilichozitenganisha CRDB na Banro ni kile kilichokuwa kinatokea ndani ya kampuni wakati bei inashuka: moja ilikuwa na faida, nyingine ilikuwa inazama kwenye madeni. Ukiyajua majibu ya maswali hayo mawili, lile la kama uuze linakuwa jepesi zaidi.

6. Ndugu zetu wa Marekani tayari wana hisa

Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anafanya kazi kwenye ghala Louisville. Alinipigia simu akiwa na hasira: mwajiri anamkata pesa kila malipo, na kwenye karatasi imeandikwa 401(k). Alidhani ni kodi nyingine. Wengi waliotoka Nyarugusu wanafikiri hivyo, kwa sababu karatasi zile hutolewa siku ya kwanza ya kazi, pamoja na nyingine nyingi, na hakuna anayezieleza kwa Kiswahili wala kwa Kibembe.

Ile ni akiba yake ya uzeeni. Kwa kawaida inawekwa katika mifuko inayonunua hisa za mamia ya kampuni kwa pamoja, na waajiri wengi wanaongeza pesa yao juu ya ile ya mfanyakazi. Akiacha kazi, pesa yake haipotei. Anaweza kuihamishia mahali pengine pa namna hiyo hiyo. Akiitoa kabla ya umri wa miaka 59 na nusu, kwa kawaida analipa kodi ya mapato na juu yake adhabu ya asilimia 10. Vijana wetu wanabadilisha kazi mara nyingi, kutoka machinjio hadi ghala, kutoka Des Moines hadi Louisville, na kila wanapohama wanaitoa yote ili watume Baraka pesa ya mabati au ya msiba. Ninaelewa kwa nini. Sisi tunaopokea ndio tunaoomba, na hatujui tunachoomba kinatoka wapi.

Yaya aliniuliza pia kuhusu mwaka 2008, kwa sababu mwenzake kazini alimwambia soko la Marekani linaweza kula kila kitu. Ni kweli kwamba kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Kufikia 2013 zilikuwa zimerudi pale zilipokuwa kabla ya kuanguka. Mwenye umri wake alikuwa na muda wa kungoja miaka hiyo. Mwenye miaka 64 hakuwa nao, na ndiyo maana mifuko mingi hupunguza hisa kadiri mtu anavyokaribia kustaafu. Aliacha makato yaendelee. Mimi nami nimeacha kumwomba pesa ya mambo yanayoweza kusubiri.

7. Shilingi, dola na falanga hazitembei pamoja

Hili ni fupi, lakini linawapata wafanyabiashara wote. Mwanzoni mwa 2016 dola moja hapa ilikuwa chini ya falanga 1,000. Mwaka 2024 ilikuwa karibu na 2,800. Kwa hiyo tunahesabu mali kwa dola, na tuna haki. Lakini hisa za Dar es Salaam ni za shilingi, na shilingi nayo ilitoka takribani 2,300 kwa dola mwanzoni mwa 2023 hadi kupita 2,600 katikati ya 2024. Faida unayoiona kwenye shilingi ipunguze kwanza kwa hesabu hiyo. Ongeza ada za kununua, ambazo ni takriban asilimia 2, na nyingine za aina hiyo siku ya kuuza. Ukinunua leo na kuuza mwezi ujao, ada na badilisho la pesa vinaweza kukula hata kama bei imepanda.

8. Jina liandikwe sawa, na mtu mwingine ajue

Majina yetu yana tahajia nyingi. Asukulu kwenye kadi ya mpigakura anakuwa Assukulu kwenye pasipoti; Alimasi wa Baraka alikuwa Alimas kwenye karatasi za kambi. Kwenye hisa, herufi moja inaweza kuzuia gawio kwa muda mrefu. Nilipofungua akaunti ya hisa, ile inayoitwa CDS, nilihakikisha jina la pasipoti, la akaunti ya benki na la fomu ya dalali ni lile lile, nukta kwa nukta. Na kabla ya kumpa dalali pesa nilimtafuta kwenye orodha ya wenye leseni ya mamlaka. Wakenya walijifunza umuhimu wa hilo kwa uchungu pale Nyaga Stockbrokers ilipoanguka mwaka 2008 na wateja wake wakaanza kuhangaikia pesa na hisa zao.

Swali zito zaidi katika somo hili niliulizwa na mjane mmoja wa hapa mjini. Marehemu mumewe alikuwa akifanya kazi Nairobi na aliwahi kumtajia kwamba ana hisa. Za kampuni gani, kupitia nani, kwa namba gani, hajui. Kenya ina mamlaka inayoshika mali zisizodaiwa, na gawio lililokaa miaka bila mwenyewe huishia huko, kwa hiyo palikuwa na mahali pa kuanzia. Lakini alihitaji cheti cha kifo, cheti cha ndoa, na barua za mirathi za mahakama ya Kenya, naye ndoa yake ilifungwa kwa mahari na baraka za wazee katika kijiji ambacho ofisi yake ya kiraia ilichomwa. Tuliandika barua nyingi. Bado tunaandika.

Tangu hapo, katika kikundi chetu, kila mwenye mali ng'ambo anaandika karatasi moja: jina la kampuni au mfuko, namba ya akaunti, dalali, na mtu wa kuarifiwa. Nakala moja inakaa kwa mkewe au mumewe, nyingine kwa ndugu aliye nje ya Kongo. Wanaume wengine walikataa mwanzoni, wakisema mke akijua kuna pesa ataitumia. Mwenyekiti wetu, ambaye ni mwanamke, aliwajibu kwamba mwaka 1998 ni wanawake waliovusha watoto ziwani, na hakuna aliyeuliza kama wanaweza kutunza siri. Karatasi ziliandikwa juma lile lile.